Wiki ya Seneta Nairobi na Kura Moja ya Kwale

Mwananchi wa Kwale akiulizwa seneta wake anafanya kazi gani, mara nyingi atajibu kwa kutaja mahali alipomwona: kwenye mazishi Kinango, kwenye harambee Ukunda, au jukwaani Msambweni siku ya sikukuu ya taifa. Ni nadra kumsikia akitaja mswada. Sisi hatumlaumu mwananchi huyo. Chini ya utawala wa chama kimoja alifundishwa kwamba kiongozi ni mtu wa kutoa, na raia ni mtu wa kupokea na kupiga makofi. Mafunzo ya namna hiyo hayakufutika Desemba 1991 kilipofutwa Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani. Lakini jibu hilo linatugharimu, na gharama yake inahesabika kwa shilingi.

Kenya ilipata Seneti ya kwanza pamoja na uhuru mwaka 1963, ikiwa na wajumbe 41, ili mikoa na wilaya zisimezwe na serikali ya Nairobi. Haikudumu. Mwishoni mwa 1966 Katiba ilibadilishwa, Mabaraza mawili yakaunganishwa kuwa moja, na kwa zaidi ya miaka arobaini sehemu kama Kwale hazikuwa na Baraza la kuzisemea kama sehemu. Seneti ilirudi kwa Katiba ya 2010 na kuanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Ina wajumbe 67 pamoja na Spika. Kati yao 47 ndio waliochaguliwa moja kwa moja na kaunti. Kiti cha Kwale alichaguliwa kukikalia Boy Juma Boy mwaka 2013, kisha Issa Juma Boy mwaka 2017 na tena 2022. Hatuandiki kumsifu wala kumsuta yeyote kati yao. Tunaandika juu ya kiti chenyewe.

Je, wiki ya mwenye kiti hicho huwaje Bunge linapokuwa kwenye kikao?

Jumatatu ni siku ya safari na ya kusoma, au ingepasa kuwa ya kusoma. Seneti hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Asubuhi nyingi ni za kamati, na huko ndiko kazi ngumu inakofanyika, mbali na kamera. Waziri anaulizwa maswali, wataalamu wanasikilizwa, maoni ya wananchi yanapitiwa, gavana anaeleza vitabu vya hesabu za kaunti yake mbele ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu. Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa nguvu zilezile za Mahakama Kuu. Seneta asiyehudhuria kamati ni kama wakili anayefika mahakamani siku ya hukumu tu: amevaa vizuri, lakini kesi ilikwisha kuendeshwa.

Alasiri kikao huanza kwa sala. Kisha hufuata Ratiba ya Shughuli: ardhilhali husomwa, hati huwekwa mezani, kauli huombwa juu ya barabara fulani au hospitali fulani, ndipo miswada huja. Mswada husomwa mara ya kwanza bila mjadala, hupelekwa kwenye kamati, hujadiliwa katika Kusomwa kwa Mara ya Pili, hupasuliwa kifungu kwa kifungu, kisha husomwa mara ya tatu. Wageni wengi walioketi roshani hupenda hotuba. Sisi tunawaomba wasubiri kengele ya kura.

Kwa maana hapo Katiba imeweka jambo ambalo wengi wetu hatujalitambua. Katika mswada unaohusu kaunti, Kifungu cha 123 kinasema kila kaunti ina kura moja, nayo hupigwa na kiongozi wa ujumbe wa kaunti baada ya kushauriana na wenzake wa ujumbe huo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 katika Kwale na 4,397,073 katika Nairobi. Kwenye kura hiyo Kwale ni moja na Nairobi ni moja. Mswada unahitaji kuungwa mkono na kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Si mara moja wala mbili Spika ameahirisha kura kwa sababu ujumbe uliomo ukumbini hautoshi. Kiti kitupu, basi, si jambo la nidhamu tu. Kaunti ambayo haikuwakilishwa imeupinga mswada bila kusema neno, hata kama watu wake wanautaka.

Nguvu ya kura hiyo ilidhihirika mwaka 2020. Seneti ilikuwa ikiamua mfumo wa kugawa fedha baina ya kaunti, kazi iliyopewa na Vifungu vya 96 na 217. Pendekezo lililoletwa liliegemea zaidi idadi ya watu, na lingezipunguzia fedha kaunti kadhaa za Pwani, Kaskazini na Ukambani, Kwale ikiwamo. Kaunti zenye watu wengi zilisema haki ni kuhesabu vichwa. Kaunti kame na za pembezoni zilijibu kwamba mtu aliyecheleweshewa barabara na maji kwa miaka hamsini hawezi kuambiwa asubiri tena kwa sababu majirani zake ni wachache. Sisi tuliona, na bado tunaona, kwamba upande wa pili ulikuwa na haki zaidi, ingawa wa kwanza haukukosa hoja. Kikao baada ya kikao kilimalizika bila uamuzi. Tarehe 17 Agosti 2020 polisi waliwakamata maseneta wa Kakamega, Samburu na Bomet, siku ambayo Baraza lilitazamiwa kupiga kura. (Wenye umri mkubwa watakumbuka tabia hiyo; tulidhani ilizikwa pamoja na chama kimoja.) Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Septemba, yalifikiwa mapatano: mfumo mpya uanze pale tu fedha za kaunti zitakapoongezwa kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili isiwepo kaunti ya kupoteza.

Ni nani kati yetu aliyekwenda kwa seneta majira hayo kumwuliza atapiga kura vipi? Tulimwuliza juu ya basari.

Liko jambo jingine la nyumbani. Madini ya titani yalianza kusafirishwa kutoka Kwale mapema 2014, na mgodi uliacha kuchimba Desemba 2024. Sheria ya Madini ya 2016 iliagiza mrabaha ugawanywe mafungu matatu: asilimia 70 kwa Serikali ya Taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii inayoishi penye madini. Fungu kuandikwa ni jambo moja, na kufika Nguluku na Maumba ni jambo jingine. Miaka ilipita meli zikipakia na wakazi wakiuliza. Sasa mashimo yanafukiwa, na maswali yaliyobaki ni yale ambayo kamati ya Seneti imeundwa kuyauliza: ni kiasi gani kilikusanywa, kila fungu lililipwa lini na kwa nani, na ardhi iliyochimbwa itakuwa ya nani. Mgodi ukishafungwa, watumishi wakatawanyika na majalada yakahamishwa, kila mwaka unaopita unaufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kupatikana.

Seneta anaweza kuyauliza hayo kwa kuomba kauli. Lakini Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge mwenyewe, bila kumsubiri mheshimiwa. Vikundi vya haki na amani makanisani, na ndugu zetu wa misikitini ambao ndio wengi katika kaunti hii, wana watu, wana vikao vya kila wiki, na wana imani ya majirani. Kinachokosekana ni karatasi.

Masharti yake si mazito. Ardhilhali huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya heshima. Hutaja jambo linalolalamikiwa, hatua ambazo waombaji wamekwisha kuchukua kwenye ofisi zinazohusika, kama jambo hilo liko mahakamani au haliko, na kile hasa wanachokiomba Bunge lifanye. Kila mwombaji huandika jina, anwani na nambari ya kitambulisho na kutia sahihi. Asiyejua kuandika huweka alama ya kidole gumba. Hupelekwa kwa Karani wa Seneti, au hukabidhiwa seneta aiwasilishe. Tunashauri nakala moja ibaki parokiani au kwa imamu, ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe, na mtu mmoja apewe kazi ya kuifuatilia katika Kumbukumbu Rasmi za Baraza, zile ziitwazo Hansadi.

Ombi likisomwa mbele ya Baraza, hupelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati hiyo ina siku 60 za kuwajibu waombaji kwa ripoti, na hesabu ya siku hizo huanza linaposomwa.