Mjusi Naye Ana Kwao

Sisi watu wa visiwani tumelelewa kumwona mjusi kafiri kuwa adui wa ukutani. Wengi wetu tulimpiga kwa fagio kabla hatujajua kusoma. Lakini yuko mjusi mdogo anayewindwa kwa uzuri wake. Huyo ni mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro. Huishi katika mikadi, na wapo waliothubutu kuikata miti hiyo ili wamkamate, akauzwe Ulaya na Marekani. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mjusi huyo akitolewa porini imepigwa marufuku.

Hatusemi kwamba kufuga ni kosa. Ila afugaye na aijue kazi aliyojitwika. Kiumbe huyu hazidi urefu wa kidole, na hupenya ufa ambao jicho la mwenye nyumba halikuuona. Kifuniko kilicholegea ndicho mlango wake. Maji huyalamba majanini yakiwa matone, hivyo kizimba hakina budi kunyunyiziwa. Wadudu wake hupakwa unga wa kalsiamu, na taa yenye mionzi kama ya jua huwashwa, ama sivyo mifupa hulegea. Madume wawili hupigana. Akishikwa kwa nguvu, huuacha mkia mkononi.

Pemba nayo ina mjusi wake wa kijani, asiyepatikana kwingineko duniani. Ndugu maofisa wa bandari na viwanja vya ndege, je, vikopo vyenye matundu hufunguliwa, au hupita kwa kuwa kilichomo ni mjusi tu?