Kosa la Mtoto na Kosa la Mwalimu

Wako walimu wa Kifaransa wasemao kwamba Kiswahili kinawaharibia watoto lugha ile, kwa hiyo kisitamkwe kabisa darasani. Mimi nawapinga, na ushahidi wangu nautwaa katika kazi ijulikanayo sana huku kwetu, toka Shinyanga hata Geita, yaani kuchimba dhahabu.

Mchimbaji husema, "Nitashuka shimoni kwa sharti la kujifunga kamba." Mfaransa naye husema, "Je descendrai dans le puits à condition de m'attacher." Angalieni: lugha zote mbili zimelitaja sharti kwa kitenzi kisichotaja nafsi, maana ashukaye ndiye ajifungaye. Lakini ajifungaye akiwa mwingine, zote mbili hugeuka pamoja: "Nitashuka kwa sharti ujifunge kamba", "à condition que tu t'attaches". Je, huko ndiko kuharibu? Hasha! Mtoto ameijua nusu ya kanuni kabla ya kufungua kitabu.

Nusu iliyobaki ndiyo imponzayo. "Ji" yetu haibadiliki: mimi kujifunga, wewe kujifunga, sisi kujifunga. Kifaransa hakikubali. Mimi ni m'attacher, wewe t'attacher, sisi nous attacher, ninyi vous attacher. S'attacher ni ya yeye na wao. Basi mtoto huandika, "Je descendrai à condition de s'attacher," kwa kuwa ndivyo alivyolikuta neno katika kamusi. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, darasa hucheka, na mtoto huambiwa hana akili. Mimi nalichekwa hivyo, nikakaa muda mrefu nisithubutu kuinua mkono.

Kumcheka kungalikuwa haki kama angalionyeshwa tofauti hiyo. Hakuonyeshwa, kwa sababu lugha ya kumwonyeshea imefukuzwa mlangoni. Kisha twajidai kwamba tunawafuata wazungu! Kardinali Lavigerie, Mfaransa, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha za wenyeji. Hakuogopa kwamba zitawaharibia Kifaransa chao.

Walimu wenzangu, andikeni ubaoni sentensi ya Kiswahili juu na ya Kifaransa chini yake. Mtoto aseme kwanza ni nani ashukaye na ni nani ajifungaye. Akiisha kujibu, ndipo apewe chaki aandike mwenyewe m' au t' au nous, wala asicheke mtu mpaka amalize.