Mzee Akianguka, Tafuta Chanzo

Mahindi yakianguka shambani, usilaumu upepo tu. Tazama chini. Huenda mchwa wamekula mizizi. Vivyo hivyo, mzee akianguka, usiseme, "Ni uzee tu." Huenda ana ugonjwa wa siku nyingi.

Kisukari huweza kutia miguu ganzi. Mzee hajui anakanyaga wapi. Mtoto wa jicho hufifisha macho. Baridi yabisi hukaza magoti. Dawa za shinikizo la damu nazo huweza kuleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla.

Wazee wengine huanguka wakanyamaza kwa aibu. Muulize babu. Muulize bibi. Kama ameanguka, hata kama hakuumia, mpeleke zahanati. Chukua dawa zake zote, mganga azione. Usimwachishe dawa wewe mwenyewe.

Nyumbani, mzee akiamka, aketi kwanza kitandani. Kizunguzungu kikiisha, ndipo asimame. Ondoa majembe na kuni njiani. Usiku akienda chooni, awe na taa na fimbo.

Mfupa wa nyonga ukivunjika, wazee wengi hawatembei tena kama zamani. Tafuta chanzo mapema.