Kadi Chache kwa Mchezo wa Kikundi

Mwanachuo aendaye mazoezini Karatu au Ngorongoro hushawishika kutengeneza kadi 60 za wanyama, na twiga huwa wa kwanza kuchorwa. Lakini twiga hawaishi ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Ikiwa mchezo ni wa wanyama wa kreta, na aondolewe, hata kama picha yake imependeza.

Nashauri kadi 24 tu: simba, fisi, nyumbu, pundamilia, kifaru na kiboko, kila mmoja kadi 4, yaani picha, chakula, makao na nyayo. Jina la mnyama liandikwe kwenye kila kadi. Wanafunzi wanne hugawana sita sita, kisha kwa zamu kila mmoja humwomba mwenziwe kadi mpaka atimize mnyama. Sharti ni moja, nalo lisilegezwe: asemaye neno tupu hapewi. Aseme, "Naomba kadi ya nyayo za fisi." Hivyo mtoto azungumzaye Kiiraqw au Kimaasai nyumbani huirudia sentensi ya Kiswahili mara nyingi bila kuchoka; na wenziwe hawana budi kusikiliza, maana kila ombi hufichua anachokitafuta mwombaji.

Wako wasemao kuwa masharti huua mchezo. Sikubaliani nao. Kwa kadi 60, kengele hulia kabla hajatimia hata nyumbu mmoja.