Uzembe, Fidia na Ukomo wa Muda: Maneno Yanayoamua Hatima ya Shauri la Madai

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Mwananchi anayefungua shauri la madai leo hukutana na maneno ambayo sikio lake linayafahamu. Hata hivyo, baadhi ya maneno hayo yakiingia mahakamani hubeba maana finyu kuliko ile ya mtaani, na asiyeitambua tofauti hiyo huweza kupoteza haki aliyostahili.

Mfano ulio wazi ni neno uzembe. Mtaani, mzembe ni mtu asiyejali. Mahakamani, mdai hana budi kuthibitisha kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili yake, kwamba alikiuka wajibu huo, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. Msingi huu, ambao Tanzania iliurithi pamoja na mfumo wa sheria wa Uingereza, uliimarishwa mwaka 1932 katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, lililotoka Scotland, la mwanamke aliyedai kuugua baada ya kunywa kinywaji cha chupa kilichokuwa na konokono.

Sharti la usababishi ndilo husahaulika zaidi. Dereva ambaye leseni yake imekwisha muda ametenda kosa. Lakini ikiwa gari lake lilikuwa limeegeshwa vema na likagongwa kwa nyuma, leseni hiyo siyo iliyosababisha ajali.

Mkanganyiko wenye gharama kubwa kuliko yote ni ule wa kesi ya jinai na shauri la madai. Dereva anaposhtakiwa kwa kuendesha kwa hatari, anayemshtaki ni Jamhuri, na faini anayotozwa huingia serikalini. Majeruhi hapo ni shahidi tu. Akitaka fidia, kwa kawaida atalazimika kufungua shauri lake mwenyewe, ambako kiwango cha uthibitisho ni chepesi zaidi: badala ya kuthibitisha pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, atatakiwa kuonesha kwamba maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Wapo wanaosubiri kesi ya jinai imalizike kwanza. Kusubiri huko ni hatari, kwa kuwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai yatokanayo na makosa kama uzembe, na miaka 6 kwa madai ya mkataba. Kuwapo kwa kesi ya jinai peke yake hakusimamishi hesabu hiyo.

Kuhusu fedha, hati ya madai hutenganisha fidia maalumu na fidia ya jumla. Ya kwanza ni hasara inayohesabika, kama vile gharama za matibabu, nauli na mshahara uliokosekana. Lazima itajwe kwa kiasi na kuthibitishwa kikamilifu, na hapo stakabadhi ya hospitali huwa na uzito kuliko maelezo marefu. Ya pili, kwa maumivu na usumbufu, hukadiriwa na mahakama yenyewe.

Anayeidai Serikali, zikiwamo mamlaka za serikali za mitaa, hutakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Bila notisi hiyo, shauri huondolewa mahakamani hata kama jeraha ni la kweli. Neno kuondolewa nalo lina maana yake: mdai anaweza kurekebisha kasoro na kurudi, mradi bado yumo ndani ya muda. Shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa, na mlango unaobaki hapo kwa kawaida ni rufaa.