Flashi moja inatosha: Bunyakiri iache kungojea mashine za wengine

BUNYAKIRI, teritware ya Kalehe – Huku Bulambika na katika vijiji vya kando, kipindi cha redio kinaishi mara moja tu. Kikipita, kimepita. Mama aliyekuwa shambani saa ile hakukisikia. Baba ambaye betri za redio yake zimekufa hakukisikia. Familia iliyofika jana usiku na mizigo kichwani, ikilala katika darasa au kwa wenyeji, haijui hata kama kilipita. Tangazo la mtoto aliyepotea njiani, mafundisho ya mama muuguzi juu ya mpox, maelezo juu ya kunawa mikono wakati wa kipindupindu: vyote vinatolewa hewani asubuhi, na jioni havipo tena.

Wakati huohuo, ndani ya maofisi, mashule na parokia kunalala kompyuta za zamani zenye vumbi. Zinaitwa zimekufa. Nyingi hazijafa. Zimejaa virusi, ama zimekuwa nzito, ama Windows yake imegoma. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hiyo mashine hizo zitaongezeka, na kila shirika litaandika tena barua ya kuomba nyingine mpya.

Barua hizo ziachwe kwanza. Dawa iko, haiuzwi, na inaingia katika flashi moja, ile ambayo wengine wanaiita kle.

Kuna programu inayoitwa Kodi. Ilianza miaka ya 2000 kwa jina la XBMC, na mwaka 2014 ikabadilisha jina. Kazi yake ni kupanga nyimbo, vipindi, video na picha katika menyu moja kubwa, ambayo hata mtoto anaifuata kwa kubonyeza mishale tu. Menyu hiyo iko pia kwa Kifaransa. Kuna tena mfumo mdogo wa Linux unaoitwa LibreELEC, uliotokea mwaka 2016, ambao umetengenezwa kwa kazi moja tu: kuwasha mashine na kufungua Kodi. Faili lake halifiki nusu ya jigabaiti. Halitaki ufunguo wa kununua. Leseni yake inaruhusu kila mtu kulikopi na kumpa jirani. Mtu mmoja akilipakua Bukavu mahali penye mtandao mzuri, mtaa mzima wa Bulambika unaweza kuikopi bila kununua mega hata moja.

Watakaopinga wana maneno matatu, na inafaa kuyajibu moja kwa moja.

Neno la kwanza: Linux ni ya mainjinia na ya wazungu. Kila kijana wa Bunyakiri mwenye simu ya Android ana Linux mfukoni, kwa sababu ndani ya Android moyo wenyewe ni Linux, ile iliyoanzishwa na mwanafunzi Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991. Anayesema hataijua anaitumia kila siku.

Na kazi yenyewe si ya uchawi. Kukopi faili la LibreELEC kwenye flashi kama vile unakopi wimbo haitoshi. Lazima liandikwe na programu maalum, kama LibreELEC USB-SD Creator au balenaEtcher, na flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye picha za harusi. Kisha flashi inachomekwa kwenye mashine iliyozimwa. Mashine inawashwa huku mtu anabonyeza F12, au Esc, au F9, kufuatana na aina yake, mpaka itokee orodha ya kuchagua mahali pa kuwakia. Anachagua USB. Ikikataa, aingie katika mipango ya ndani ya mashine na kuzima kitu kinachoitwa Secure Boot. Mashine ziwe za biti 64; zile za biti 32 hazitakubali.

Hapo kuna jambo moja la kushika sana. Anayechagua kuinstale, mfumo unafuta disiki yote ya ndani. Masomo ya mwalimu, orodha za wanafunzi, picha, vyote vinakwenda. Kwa hiyo kwanza vitolewe na kuhifadhiwa pembeni. Na asiyetaka kugusa disiki anaweza kuchagua «run», mfumo ukafanya kazi juu ya flashi yenyewe. Akiitoa, kompyuta inabaki vile ilivyokuwa. Hakuna mtu anayelazimishwa kuoa kabla ya kuchumbia.

Neno la pili: hakuna umeme. Ni kweli, na ndiyo sababu hesabu ifanywe. Laptopu ya zamani inakula kati ya wati 30 na 60, na hiyo pano ya jua na betri vinaweza kuibeba kwa saa kadhaa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ambayo LibreELEC inaikubali pia, mara nyingi haifiki wati 10. Kama kinachotakiwa ni kusikiliza vipindi, kipaza sauti kidogo kinatosha. Nyumba za kuchaji simu na za kuonyesha filamu zinapata umeme kila siku, na watu wanalipa. Kama umeme unapatikana kwa filamu ya kupigana, utapatikana pia kwa mafundisho ya uzazi.

Na nafasi ya kuhifadhi si shida. Kipindi cha redio cha saa moja, kikirekodiwa katika MP3 ya kilobiti 64, kinachukua megabaiti 29 hivi. Flashi ya jigabaiti 32 inabeba zaidi ya saa elfu moja. Kipindi cha nusu saa kila siku, mwaka mzima, hakijazi hata robo yake. Hadithi za wazee kwa Kitembo, ambazo zinaondoka kila mara mzee anapozikwa, zingekaa humo pamoja na masomo ya hesabu ya watoto ambao shule zao zimefungwa au zimejaa waliokimbia.

Neno la tatu: mtandao haupo. Lakini Kodi haiuhitaji ili kucheza kilicho katika disiki yake. Kule Cuba, watu ambao intaneti ilikuwa haba na ya bei kali walizoea kupitishiana kila wiki disiki iliyojaa filamu, muziki na habari, kutoka mkono hadi mkono. Wao wenyewe wanaiita paquete, yaani kifurushi. Pikipiki zinazotoka Bukavu, karibu kilomita 80 kupitia msitu wa Kahuzi-Biega, zinabeba kila kitu mpaka sabuni. Zinaweza kubeba pia flashi ya vipindi vya wiki. Tangu M23 ilipoingia Bukavu mwezi wa Februari 2025, safari imekuwa nzito zaidi na pesa ni haba. Hiyo ndiyo sababu ya kutafuta njia isiyongojea mtandao wala mfadhili.

Sasa tuseme ukweli juu ya desturi inayoua mashine hizi. Windows nyingi zinazowekwa katika vibanda ni za wizi. Kijana analipisha franga kwa kuiweka, inakaa miezi michache, virusi vinaingia kwa flashi za wateja, mwenye mashine anarudi kulipa tena. Virusi vya rakursi, vile vinavyoficha mafaili na kuacha alama tu, vimeliza watu wengi: familia iliyokimbia na nguo mbili na flashi moja ya picha za marehemu inaambiwa picha zimekwisha. Mara nyingi hazijaisha. Zimefichwa, na mashine ya Linux inaziona, kwa kuwa virusi vya Windows havikimbii juu yake. Asiyejua hilo anapoteza kumbukumbu ya nyumba ambayo haitajengwa tena.

Na miradi pia ina deni. Mashine inaletwa, inapigwa picha, neno lake la siri linabaki katika simu ya fundi aliyerudi mjini. Ikigoma, hakuna wa kuifungua. Shirika la raia na viongozi wa grupema wanapaswa kudai kitu kimoja kabla ya kupokea sanduku lolote: flashi ya kuliweka upya ibaki Bunyakiri, na vijana wawili, msichana na mvulana, wawe wameifanya kazi hiyo kwa mikono yao mbele ya watu wote. Mradi usiokubali hilo unataka picha tu.

Lakini kuna mipaka ambayo haipaswi kuvukwa. Mashine hii ni ya wote, na kitu cha wote hakifichi siri. Ushuhuda wa mwanamke aliyetendewa mabaya, orodha ya majina ya waliokimbia, sauti ya mtu aliyetaja wenye silaha: hayo yasiingizwe humo hata siku moja. LibreELEC haikutengenezwa kwa kulinda siri, na neno lake la siri la mwanzo linajulikana dunia nzima. Inapowashwa mara ya kwanza, ikiuliza kama mlango wa SSH ufunguliwe, jibu liwe hapana. Na kazi za wasanii zisijazwe humo kwa wizi. Kodi yenyewe inatolewa tupu, bila filamu wala wimbo. Bunyakiri ina sauti zake za kutosha kuijaza.

Shule yenye mashine moja iliyolala, parokia yenye laptopu moja ya zamani, kituo cha afya chenye pano moja: hapo ndipo pa kuanzia, wiki hii, na siyo mwaka wa bajeti ijayo. Mama aliyekosa mafundisho ya asubuhi hakukosa kwa uzembe. Alikuwa analima chakula cha watu kumi katika nyumba iliyojengwa kwa watu watano. Kumwambia kipindi kimepita, wakati mashine ya kukirudisha iko chini ya meza ikiliwa na panya, ni aibu ambayo haitakiwi kuendelea.