Anayetaka Kuchimba Ndiye Athibitishe

Katika miteremko ya magharibi ya milima ya Andes, nchini Ekwado, unapita mto Manduriacu, ambako wataalamu walimpata chura mdogo wa kijani mwenye madoa ya manjano, wakamtangaza mwaka 2019 kwa jina la kisayansi Nymphargus manduriacu, na papo hapo wakaonya kwamba uchimbaji wa madini unaweza kumwangamiza. Ni mmoja wa vyura wa kioo, yaani jamii ya vyura ambao ngozi ya tumbo lao haina rangi, hata kwa baadhi yao moyo huonekana ukipiga. Vyura hawa hutaga mayai kwenye majani yaliyoinamia vijito, na viluwiluwi, yaani watoto wao ambao bado hawana miguu, hudondoka majini wakakulia humo. Kwa hiyo mti ukikatwa au maji yakichafuliwa, kizazi hukatika pasipo mtu kumgusa chura mwenyewe.

Wapo wanaowatetea kwa kutaja manufaa, kwani mwaka 2022 watafiti walieleza kwamba spishi mojawapo, inapolala, huficha karibu asilimia 89 ya seli nyekundu za damu ndani ya ini bila damu hiyo kuganda. Hoja hii inavutia, lakini ina hatari yake, maana humlazimu kiumbe kumfaa binadamu kwanza ndipo aruhusiwe kuishi.

Njia iliyo bora ni ile ya Mahakama ya Katiba ya Ekwado, ambayo mwaka 2021, ikizitegemea haki za maumbile zilizomo katika Katiba ya 2008 pamoja na kanuni ya tahadhari, yaani kutotenda pale ambapo madhara yasiyorekebishika yanahofiwa, ilizuia uchimbaji katika msitu wa Los Cedros.

Tanzania inajua gharama ya kuchelewa. Chura wa Kihansi aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umekwisha kuanza (na umeme huo, kwa kweli, ulihitajiwa). Maporomoko ya Kihansi yalipopunguziwa maji na mradi huo, manyunyu yaliyomlea yakapungua, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, akisalia katika bustani za wanyama za Marekani.

Basi watoao leseni na wadai kwanza orodha ya viumbe wa mto husika, iliyokusanywa usiku na wakati wa mvua, kwa kuwa vyura wa kioo hujificha mchana. Na gharama ya kazi hiyo aibebe anayetaka kuchimba.